Kutoka Kwenye Mwanga Hadi Kwenye Diski: Jinsi Swichi ya Mtandao wa Hifadhi Inavyounganisha Vifaa

Aliyezoea swichi za kawaida za ofisini hutarajia jambo moja kutoka kwa swichi yoyote: achomeke kebo, taa iwake, vifaa vianze kuwasiliana. Swichi ya mtandao wa hifadhi, yaani mtandao unaounganisha seva na mitambo yenye diski zake, haiendi hivyo. Taa inaweza kuwaka kijani pande zote mbili, seva ikawa hai, mtambo wa hifadhi ukawa hai, na bado seva isione hata diski moja, ilhali hakuna kilichoharibika. Kati ya kebo na diski kuna vituo vinne ambavyo kila kifaa lazima kivipite kwa mpangilio: mwanga, usajili, ruhusa ya swichi, na ruhusa ya mtambo wa hifadhi wenyewe. Kila kituo kina ushahidi wake unaosomeka. Saa nyingi hupotea katika kazi hii kwa sababu watu hutafuta kwenye kituo cha kwanza kosa lililoko kwenye cha nne, wakabadilisha kebo mara tatu kumbe kilichokosewa ni tarakimu moja ya utambulisho.

Makala haya yanahusu mitandao ya Faiba Chaneli, teknolojia iliyoidhinishwa kuwa kiwango na taasisi ya viwango ya Marekani, ANSI, mwaka 1994. Swichi zake nyingi zinazokutwa kwenye vyumba vya mitambo ni za Brocade, kampuni iliyonunuliwa na Broadcom mwaka 2017, au za familia ya MDS kutoka Cisco. Hifadhi inayopita kwenye Etherneti kwa itifaki ya iSCSI ina kanuni zake, nayo haimo katika makala haya.

Ni vyema kuelewa kwanza kwa nini mtandao huu ni mkali kiasi hicho. Mfumo wa uendeshaji unapopewa diski kupitia mtandao wa hifadhi, hauoni mtandao. Unaona diski, kana kwamba imefungwa ndani ya kasha la seva hiyohiyo, na huiandikia bila kumuuliza mwingine. Seva mbili zisizofahamiana zikiandikia diski moja kwa wakati mmoja, mfumo wa faili huvurugika upesi, na mara nyingi uharibifu haugunduliki mpaka mtu ajaribu kusoma alichokiandika. Kwa sababu hiyo wajenzi wa mitandao hii walichukulia kukataa kuwa ndiyo hali ya kawaida, na kuruhusu kuwa uamuzi unaofanywa na mtu kwa makusudi. Sababu ya pili inahusu upotevu wa data njiani. Itifaki ya SCSI, lugha ya kuziamuru diski, ambayo ndiyo hubebwa ndani ya fremu (vifurushi vya data) za Faiba Chaneli, ilizaliwa kwenye kebo fupi za ndani ya mashine na haikuandaliwa kwa mitandao inayotupa pakiti. Etherneti ya kawaida ikizidiwa hutupa pakiti na kuiachia TCP, itifaki iliyo juu yake, kazi ya kuzituma upya. Faiba Chaneli humzuia mtumaji asitume fremu yoyote mpaka awe na uhakika kwamba upande wa pili una nafasi ya kuipokea. Nafasi hizo huhesabiwa kwa krediti za bafa, na zitarudi kwenye mjadala huu tutakapofika kwenye masafa marefu.

Uamuzi wa kwanza hufanyika kwenye karatasi, kabla kebo yoyote haijaguswa. Mtandao wa hifadhi unaostahili jina hilo hujengwa kwa fabriki mbili, A na B, yaani makundi mawili ya swichi yasiyogusana kabisa. Kila seva huwa na poti moja kwenye A na nyingine kwenye B, na kila kidhibiti cha mtambo wa hifadhi huwa na poti pande zote mbili. Wapo watu wenye nia njema wanaochukua swichi mbili na kuziunganisha kwa kebo wakiamini kwamba wanaongeza usalama, lakini kwa maoni yangu hilo ndilo kosa la usanifu linalogharimu zaidi, kwa kuwa fabriki moja hutumia daftari moja la ruhusa, linaloeleza kifaa gani kionane na kipi, na mkono mmoja ukiteleza kwenye daftari hilo unaangusha njia zote mbili kwa pamoja. Kebo ya swichi kwa swichi ina mahali pake, pale fabriki moja inapohitaji poti zaidi au inapovuka kutoka jengo moja hadi jingine. Kati ya A na B haina kazi.

Kufunga swichi kwenye raki hakuhitaji maelezo mengi, ila mambo mawili husahaulika. Swichi hizi hutengenezwa kwa mielekeo tofauti ya upepo, nyingine zikivuta hewa upande wa poti na nyingine zikiitoa upande huohuo, hivyo swichi iliyoagizwa kwa mwelekeo usiofaa hunywa hewa ya moto iliyotolewa na seva za jirani na kulalamika juu ya joto bila mwisho. Pili, vyanzo viwili vya umeme vilivyomo ndani ya swichi havina maana vikichomekwa kwenye njia moja ya umeme.

Mazungumzo ya kwanza na swichi hufanyika kupitia kebo ya konsoli, kwa kasi ya 9600, biti 8, bila pariti, na biti 1 ya kusimamisha. Swichi nyingi za Brocade hutoka kiwandani zikiwa na anwani ya IP 10.77.77.77, ambayo hubadilishwa kwa amri ya ipaddrset. Za Cisco MDS humwongoza msimamizi kwa maswali ya hatua kwa hatua zinapowashwa mara ya kwanza. Anwani hii ni ya usimamizi peke yake. Data ya diski haipiti hapo hata kidogo, na mtandao wa usimamizi ukikatika, seva huendelea kusoma na kuandika bila kujua kwamba kuna lililotokea. Baada ya anwani hubadilishwa maneno ya siri ya kiwandani, yote na si lile la msimamizi mkuu pekee, kisha swichi hupewa jina linaloonyesha iko fabriki gani. Saa yake huunganishwa na seva ya saa kwa NTP. Hatua hiyo ya saa huonekana ya kupamba tu mpaka siku kumbukumbu za matukio za swichi, seva na mtambo wa hifadhi zinapowekwa pamoja ili kujua nani alianza kuanguka, na kila moja inadai saa yake.

Namba ya domeni inahitaji uangalifu zaidi. Kila swichi ndani ya fabriki hubeba namba ya pekee kati ya 1 na 239, na namba hiyo ndiyo sehemu ya kwanza ya anwani ya kila kifaa kitakachounganishwa nayo. Anwani yenyewe ina biti 24: biti 8 za domeni, 8 za eneo na 8 za poti. Swichi mbili zenye domeni moja zikiunganishwa zikiwa hai, kiungo kati yao hutengwa na fabriki haiungani. Ndiyo maana wasimamizi wazoefu huipa kila swichi domeni tofauti tangu siku ya kwanza, hata zilizoko kwenye fabriki zisizokutana, na huifunga namba hiyo isibadilike yenyewe. Kubadilisha domeni baadaye kunahitaji swichi izimwe kwa muda, na baadhi ya mifumo ya uendeshaji ya zamani iliyoihifadhi anwani ya biti 24 kama utambulisho wa diski huamka asubuhi ikiwa imepoteza diski zake.

Swichi iliyotumika mahali pengine huleta hatari ya aina yake. Swichi tupu ikiungana na fabriki hupokea daftari la ruhusa la fabriki hiyo bila mzozo, lakini swichi yenye daftari la zamani huja na madai yake. Majina yakifanana na yaliyomo yakitofautiana, kiungo hutengwa. Yasipogongana, madaftari huchanganywa, na ruhusa za watu msiowajua huingia kwenye mtandao wenu kimyakimya. Kwenye Brocade dawa ni cfgdisable, kisha cfgclear, kisha cfgsave, kwa utaratibu huo, wakati swichi bado haijaunganishwa na nyingine. Kuziacha amri hizo mpaka kebo ya kuunganisha iwe imechomekwa ni kuhatarisha kulifuta daftari la fabriki nzima.

Baada ya hapo ndipo kebo zinapochomekwa, na kituo cha kwanza, cha mwanga, kinapoanza. Kebo za ndani ya chumba kwa kawaida ni nyuzi za modi nyingi za daraja la OM3 au OM4, zinazopitisha mwanga wa nanomita 850, na zile za masafa marefu ni za modi moja, ambazo ganda lake huwa la njano na hutumia mwanga wa nanomita 1310 kwa umbali wa kilomita 10 hivi. Kasi ikipanda, umbali hupungua. Kwenye OM4, Faiba Chaneli ya gigabiti 8 hufika mita 190, ya 16 hufika mita 125, na ya 32 hufika mita 100. Kwenye OM3 umbali huo ni mita 150, 100 na 70 kwa mfuatano huo. Kebo iliyofanya kazi kwa miaka mingi chini ya sakafu kwa kasi ya gigabiti 8 inaweza kushindwa siku moduli zinapobadilishwa kuwa za 32, na hapo si kwamba imeharibika. Imezidiwa umri na kiwango.

Moduli ya SFP, kile kipande kinachoingia kwenye poti na kupokea kebo, nayo ina mipaka. Moduli ya gigabiti 32 huweza kushuka hadi 16 na 8, ya 16 hushuka hadi 8 na 4, basi. Kiendesha mkanda cha zamani chenye kasi ya gigabiti 4 hakitaelewana kamwe na moduli ya 32, hata swichi iwekwe mpangilio gani, na njia pekee ni kuiwekea poti hiyo moduli ya kizazi cha nyuma pale swichi inapoikubali. Swichi nyingi pia hukataa moduli zisizo za mtengenezaji wake. Zaidi ya hayo, swichi nyingi huuzwa zikiwa na poti zaidi ya zile zilizolipiwa leseni, kwa hiyo poti inayobaki imekufa licha ya kebo nzuri na moduli nzuri huenda inangoja leseni tu. Kwenye MDS, vilevile, poti huwa zimezimwa mpaka msimamizi aziwashe kwa amri.

Hapa ndipo amri moja inapostahili kusomwa kwa utulivu. Kwenye Brocade, switchshow huorodhesha kila poti na hali yake, na hali hizo zimepangwa karibu kama ngazi. No_Module maana yake poti haina moduli. No_Light maana yake moduli ipo lakini hakuna mwanga unaoingia: kebo haijachomekwa upande wa pili, kifaa kimezimwa, au nyuzi mbili za kebo zimepishana vibaya kiasi kwamba kila upande unatuma pale mwenzake anapotuma. No_Sync maana yake mwanga unaingia ila swichi haiusomi, na hapo mashaka ya kwanza huwa ni kasi zisizolingana, kisha uchafu. Online peke yake, bila kutaja F-Port (poti ya kifaa) wala E-Port (poti ya swichi nyingine), maana yake waya ni mzima lakini aliye upande wa pili hajajitambulisha. Mtu anayejua ngazi hizi nne hahitaji kubahatisha kebo.

Kuhusu uchafu, neno moja linatosha: ncha ya kebo ya faiba isafishwe kabla ya kuchomekwa, hata ikiwa mpya kutoka kwenye mfuko, kwa sababu kiini cha nyuzi za modi nyingi kina mikromita 50 tu na chembe ya vumbi isiyoonekana kwa macho inaweza kukifunika sehemu kubwa. Kebo isikunjwe kwa pembe kali, na ncha isitazamwe kwa jicho; mwanga wa nanomita 850 hauonekani, kwa hiyo kutoona kitu si uthibitisho kwamba hakuna kitu.

Kituo cha pili ni usajili. Kifaa kilichopata mwanga hakiruhusiwi kuzungumza na mwenzake mara moja. Kama mgeni afikaye kwenye nyumba ya watu, lazima apige hodi kwanza. Hodi hiyo huitwa FLOGI, nayo hupelekwa kwenye anwani maalumu FFFFFE ambayo kila swichi huijibu. Swichi hujibu kwa kukipa kifaa anwani yake ya biti 24. Kifaa kisha hujiandikisha kwenye seva ya majina iliyo kwenye anwani FFFFFC, kikieleza jina lake la kudumu na aina ya kazi yake, na kifaa hicho kikiwa ni seva, ambayo ndiyo yenye kuanzisha mazungumzo, huuliza: ni hifadhi zipi ninazoruhusiwa kuziona? Jibu la swali hilo ndilo hubeba kila kitu kinachofuata. Seva ikishapewa orodha hufungua mazungumzo na kila hifadhi kwa hatua zinazoitwa PLOGI na PRLI, ndipo amri za SCSI zinapoanza kupita.

Ushahidi wa kituo hiki uko wazi. Kwenye Brocade poti hubadilika na kuwa F-Port, na jina la kifaa huonekana mbele yake kwenye switchshow. Amri ya nsshow huonyesha kile ambacho kifaa kimeeleza kuhusu nafsi yake. Kwenye Cisco amri ni show flogi database na show fcns database. Ikiwa jina la kifaa limeonekana hapo, basi kebo, moduli na kadi ya HBA, ile inayoiunganisha seva na mtandao huu, vimekwisha kutoa ushahidi wao, na mtu yeyote atakayependekeza kubadilisha kebo baada ya hapo anastahili kuombwa asubiri.

Jina lenyewe huitwa WWN, nalo ni namba ya biti 64 inayoandikwa kwa jozi nane za tarakimu za msingi wa 16. Hapa pana mtego unaowanasa wengi, kwa kuwa kila kadi hubeba majina mawili ya aina hiyo, moja la kifaa kizima na jingine la kila poti, na majina hayo hufanana karibu tarakimu zote. Kadi nyingi za QLogic, kwa mfano, huwa na jina la kifaa linaloanza kwa 20:00:00:24:ff na jina la poti linaloanza kwa 21:00:00:24:ff; za Emulex jina la kifaa huanza kwa 20:00:00:00:c9 na la poti kwa 10:00:00:00:c9. Linalotakiwa kwenye ruhusa ni jina la poti. Kwenye Linux husomwa moja kwa moja ndani ya faili ya port_name iliyo chini ya /sys/class/fc_host, na ni salama zaidi kulinakili kutoka huko au kutoka kwenye swichi yenyewe kuliko kulisoma kwenye lebo na kulichapa kwa mkono. Tahadhari ya ziada inahitajika kwa mitambo ya hifadhi inayotumia NPIV, ambapo poti moja ya chuma hubeba majina kadhaa ya kidhahania. Kwenye mitambo hiyo jina la poti ya chuma huonekana kwenye swichi kama lingine lolote, lakini diski hazitolewi kupitia jina hilo, na anayeliruhusu jina hilo kwenye swichi atangoja bure.

Kituo cha tatu, ruhusa ya swichi, ni kanda. Kanda ni orodha ya majina yanayoruhusiwa kuonana. Aliye nje ya orodha hayumo, na swichi humjibu muulizaji kana kwamba huyo mwingine hajawahi kuwapo. Ulinzi huu hauishii kwenye kuficha majina, kwa maana swichi za kisasa huukagua kwenye chipu yenyewe kwa kila fremu inayopita. Kanda kadhaa hukusanywa kwenye seti moja, na ni seti moja tu inayoweza kuwa hai kwa wakati mmoja ndani ya fabriki, au ndani ya kila VSAN, yaani fabriki ya kidhahania, kwa watumiaji wa Cisco.

Swali linalozua ubishi ni ukubwa wa kanda. Inawezekana kutupa seva zote na hifadhi zote kwenye kanda moja, na mambo yatakwenda kwa muda. Tatizo ni kwamba kifaa kikiingia au kutoka, swichi huwatumia wanachama wa kanda yake taarifa ya mabadiliko iitwayo RSCN, na kila anayeipokea huacha kidogo alichokuwa akifanya ili aulize upya orodha ya majina. Seva moja ikiwashwa upya, nyingine ishirini hushtuka. Na kadi mbovu inayoingia na kutoka kila dakika huisumbua fabriki yote. Kanuni iliyokubalika ni kanda moja kwa kila poti ya seva, ikiwa na poti hiyo moja na hifadhi inayoihitaji. Wanaofuata ukali zaidi huweka poti moja ya seva na poti moja ya hifadhi, basi. Kanda huwa nyingi, lakini kila moja husomeka kwa jicho, na moja inaweza kufutwa bila kumtia mtu hofu. Brocade na Cisco zote zimetoa njia mpya zinazomruhusu msimamizi kuandika kanda kubwa huku swichi ikiwazuia wenye kazi moja wasionane wao kwa wao, na kwa mtandao mpya hizo ni chaguo zuri.

Kwenye Brocade, kumwongeza mgeni mmoja kwenye fabriki iliyo hai huonekana hivi, majina ya WWN yakiwa ya mfano:

alicreate "SEVA01_P1","10:00:00:00:c9:aa:bb:01"
alicreate "HIFADHI_A0","50:01:02:03:04:05:06:07"
zonecreate "SEVA01_P1_HIFADHI_A0","SEVA01_P1;HIFADHI_A0"
cfgadd "FABRIKI_A","SEVA01_P1_HIFADHI_A0"
cfgsave
cfgenable "FABRIKI_A"

Mistari miwili ya mwanzo hutoa lakabu, ili kanda isomeke kwa majina ya kibinadamu. Wa tatu huunda kanda, wa nne huitia kwenye seti iliyopo. Tofauti kati ya miwili ya mwisho ndiyo hupoteza watu: cfgsave huandika mabadiliko kwenye kumbukumbu ya kudumu bila kuyapa nguvu, na mpaka cfgenable iitwe, kanda mpya ipo kwenye daftari ila haitumiki. Kwenye Cisco kosa la aina hiyo lina sura nyingine, kwani zoneset activate huzipa kanda nguvu papo hapo, lakini mpangilio wa swichi unabaki kwenye kumbukumbu ya muda mpaka unakiliwe kwenye mpangilio wa kuanzia. Umeme ukikatika kabla ya hapo, mpangilio ambao haujanakiliwa huenda nao. Aidha, iangaliwe hali ya wasiokuwamo kwenye kanda yoyote. MDS huwakataa bila kuulizwa. Kwenye Brocade amri ya defzone --show itasema, na jibu linalotakiwa ni kwamba hawana ruhusa.

Kituo cha nne kiko nje ya swichi kabisa, na ndiyo maana aliyemaliza kazi ya swichi vizuri anaweza bado kupigiwa simu kwamba diski haionekani. Mtambo wa hifadhi una orodha yake inayoonyesha ni jina gani la seva linapewa diski ipi, kila diski ya aina hiyo ikiitwa LUN. Kanda humruhusu seva kufika mlangoni mwa hifadhi. Orodha hii humwambia atakachokikuta ndani. Dalili ya kukosekana kwake ni mahususi: seva inaonekana kwenye mtambo wa hifadhi kuwa imeingia, lakini haina LUN. Dalili hiyo ikionekana, swichi imeshatoka kwenye mashaka.

Mambo yakikamilika, seva inaweza kushangaza kwa kuona diski moja mara nne. Seva yenye poti mbili, kila poti ikionana na poti mbili za hifadhi kwenye fabriki yake, ina njia nne za kufikia diski hiyohiyo, na mfumo wa uendeshaji usio na programu ya njia nyingi huzichukulia kuwa diski nne tofauti. Programu hiyo ni MPIO kwenye Windows na dm-multipath kwenye Linux. Isakinishwe na kupangwa kabla kanda ya pili haijawashwa, maana mtu anayekuta diski nne ngeni na kuanza kuziandaa moja moja anaandaa ileile mara nne. Kwenye Linux, multipath -ll huonyesha diski moja na njia zake chini yake, na mitambo mingi itaonyesha njia hizo zikiwa makundi mawili, moja la njia bora na jingine la akiba, kutegemea kidhibiti kinachoimiliki LUN hiyo.

Sasa masafa. Mwanga ndani ya kioo huchukua takriban mikrosekunde 5 kwa kilomita, na krediti ya bafa hairudi mpaka fremu ifike na jibu lirudi. Fremu kamili ina baiti 2148. Kwa kasi ya gigabiti 8 kiungo kinahitaji krediti 4 hivi kwa kila kilomita ili kisikae kikisubiri, na kwa gigabiti 16 kinahitaji 8 hivi. Kiungo cha kilomita 10 kwa kasi ya 16 kinahitaji kama 80, na zaidi ikiwa fremu ni ndogo. Poti iliyoachwa na krediti zake za kawaida kwenye umbali huo itafanya kazi bila kosa lolote kuandikwa, ila polepole, na watu watailaumu hifadhi. Hali hiyohiyo hutokea ndani ya chumba kimoja pale seva moja iliyozidiwa inapochelewa kurudisha krediti: fremu zake hukwama kwenye viungo vya swichi kwa swichi, na nyuma yake hukwama fremu za seva zisizo na hatia.

Kwa makosa ya kawaida, porterrshow ya Brocade hutosha. Hesabu zake hukusanyika tangu zamani, hivyo zifutwe kwanza, zisubiriwe, kisha zisomwe. Namba kubwa iliyokusanyika kwa mwaka mzima haisemi lolote kuhusu leo. Safu mbili zinastahili kutofautishwa. Hesabu ya crc err huongezeka kwenye kila poti ambayo fremu iliyoharibika inapitia, kwa hiyo inaweza kupanda kwenye poti tano ilhali mkosaji ni mmoja. Hesabu ya crc g_eof hupanda pale tu fremu inapoharibikia, kwenye kiungo chenyewe, kabla swichi haijaitia alama ya ubovu. Poti yenye g_eof inayopanda ndiyo ya kusafishwa, kisha kubadilishiwa kebo, kisha moduli, kimoja kimoja. Amri ya sfpshow husaidia kwa kuonyesha nguvu ya mwanga unaoingia: kila punguzo la dB 3 ni nusu ya mwanga iliyopotea, na poti iliyoko chini sana ya majirani zake wenye kebo za urefu uleule ina ncha chafu au kebo iliyobanwa mahali fulani.

Kabla ya kuikabidhi seva kwa wenyewe, njia zijaribiwe wakati data inaandikwa kweli, si wakati seva imelala. Poti ya seva izimwe kwenye swichi ya fabriki A, msimamizi athibitishe kwamba njia mbili zimeanguka na maandishi yanaendelea, aiwashe, angoje njia zote nne zirudi, ndipo arudie upande wa B. Anayeizima B kabla A haijarudi ameiondolea seva diski zake zote. Matokeo yakiridhisha, mpangilio wa kila swichi unakiliwa nje, kwa configupload kwenye Brocade au kwa copy kwenye Cisco, kwenye mashine ambayo diski zake hazitoki kwenye mtandao huuhuu wa hifadhi.